Mtoto ana madoa nane ya kahawia toka azaliwe, nifanyeje?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Morogoro, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo dokta. Binti yangu ana miaka 3 na miezi 4. Toka azaliwe ana madoa ya kahawia, mwanzo yalikuwa mawili tu, la tumboni na la pajani, sasa nimehesabu yamefika nane, hayawashi wala hayaumi. Mama mkwe anasema ni kwa sababu nilikuwa nakula sana udongo kwenye ujauzito, na kwao hakunaga mtu mwenye hivyo. Duka la dawa wamenipa krimu ya kufuta, nimempaka siku nne. Nimegugo nikakuta habari za uvimbe na kansa, tangu hapo silali. Mtoto mwenyewe anaendelea vizuri tu anacheza, ila TV anaisogelea mpaka karibu aiguse, baba yake anamgombeza kila siku."

Marahaba mama, na pole sana kwa kukosa usingizi. Jibu langu ni refu kwahiyo nianze na mambo mawili ya kufanya kabla hata hujamaliza kusoma. Hiyo krimu acha kumpaka kuanzia leo. Na ile sentensi yako ya mwisho ya TV, uliyoiweka kama nyongeza tu, mimi ndiyo iliyonishtua kuliko hata madoa, nitaifikia huko chini na utaona kwanini.

Udongo kwanza, tuumalize. Udongo hausababishi madoa kwa mtoto. Kula udongo ukiwa mjamzito sio kuzuri, unaweza kupata minyoo na damu ikapungua, lakini rangi ya ngozi ya mtoto hauigusi, kama ambavyo haiguswi na mwezi kupatwa wala na chakula ulichokitamani ukakikosa. Hujamfanyia mwanao kitu chochote kibaya, na naomba hilo ulishike maana naona kwenye swali lako unajilaumu.

Sasa madoa yenyewe. Ngozi ina chembe zinazotengeneza rangi inayoitwa melanini, na kuna sehemu ndogo ya ngozi ambapo hizo chembe zinatengeneza rangi nyingi kuliko jirani zake, basi hapo panatokea baka la kahawia, liko bapa kabisa, ukipitisha kidole huku umefumba macho husikii kitu. Madaktari tunayaita kwa jina la Kifaransa lenye maana ya kahawa ya maziwa, jina ambalo lilitungwa kwa kuangalia ngozi ya Wazungu, kwa watoto wetu mara nyingi yanakuwa meusi zaidi ya hapo, yanafanana na chai ya rangi iliyokolea, na kwa mtoto mweusi tii unaweza usiyaone kabisa ndani ya chumba chenye giza. Ndio maana watoto wengi wanapita kliniki mwaka mzima wanapimwa uzito na kuchanjwa na hakuna aliyeyaona.

Doa moja ni kitu cha kawaida kabisa. Mawili pia. Tena watoto weusi wanakuwa nayo zaidi kuliko weupe, na mzazi mwenye mtoto wa doa moja la pajani akija kwangu namwambia nenda kalale, hata damu sihitaji kupima. Ila wewe umesema nane, na hapo mazungumzo yanabadilika.

Kwahiyo kazi yako ya kwanza nyumbani ni kuhesabu upya vizuri, maana namba ndiyo itakayoamua safari yote. Mvue nguo zote baada ya kuoga, usimpake mafuta kwanza kwa sababu mafuta yanang'arisha ngozi na kuficha, msimamishe karibu na dirisha au mlangoni penye mwanga wa jua, na uchukue rula ya mtoto wa shule. Pima kila doa mahali lilipo refu zaidi. Kwa mtoto ambaye hajabalehe tunahesabu yale yaliyozidi milimita 5, kwa aliyebalehe tunahesabu yaliyozidi milimita 15. Penseli ya kawaida upana wake ni kama milimita 7, kwahiyo doa ambalo ukiligusa na kitako cha penseli linafunikwa lote na bado penseli inazidi, hilo ni dogo, lipime kwa rula kabla hujaliweka kwenye hesabu. Angalia makalio, nyuma ya magoti, shingoni chini ya nywele, mgongoni. Chora kamtu kwenye daftari, mbele na nyuma, weka alama kila doa lilipo na kipimo chake, andika tarehe. Hako kakaratasi kana thamani kubwa kuliko picha ishirini za simu zenye flashi.

Na usihesabu kila kitu. Alama nyeusi zilizobaki baada ya mbu, upele au tetekuwanga hazimo, hizo ulishaona zilianza na kidonda. Lile baka la bluu au kijivu makalioni na kiunoni ambalo watoto wetu wengi wanazaliwa nalo halimo pia, lile ni kitu kingine kabisa na kwa wengi linafifia lenyewe miaka ya mwanzo. (Hilo la bluu nalisema kwa uchungu, kuna wadada wa kazi wamefukuzwa na hata kupigwa kwa sababu tu mama alirudi akaona mtoto ana "michubuko", kumbe mtoto kazaliwa nalo.) Mabaka yaliyofifia kuliko ngozi, yaani meupe-meupe, nayo sio haya, na kama baka lililofifia limekufa ganzi, ukiligusa na pamba mtoto hasikii, hilo mpeleke haraka akaangaliwe ukoma, ukoma bado upo na dawa yake ni bure.

Sasa tuseme umehesabu na kweli ni sita au zaidi yenye ukubwa huo. Hapo tunaanza kufikiria hali inayoitwa nyurofibromatosisi aina ya kwanza, kwa kifupi NF1. Usiogope ukubwa wa jina. Alieelezea vizuri ni daktari mmoja Mjerumani, Friedrich von Recklinghausen, mwaka 1882, na jeni yenyewe (yale maelekezo ya kurithi yaliyomo ndani ya chembe) ikaja kupatikana mwaka 1990 kwenye kromosomu ya 17. Hiyo jeni kazi yake ni kama breki, inaziambia chembe za mwili zisiongezeke ovyo, sasa mtoto akizaliwa na nakala moja iliyoharibika breki inakuwa inashika kidogo, ndio unapata madoa kwenye ngozi, vivimbe kwenye mishipa ya fahamu, na mara nyingine shida kwenye macho au mifupa. Inapata mtu mmoja katika kila watu kama 3,000 hivi, wa rangi zote na mataifa yote, kwahiyo ukichukua mji kama Morogoro wapo watu wengi wenye nayo, wengi wao hawajui, wanaishi tu wanafanya kazi zao.

Lakini elewa kwamba madoa peke yake hayatoshi kusema mtoto ana NF1. Vigezo vilipangwa Marekani mwaka 1987 na vikarekebishwa 2021, na vinataka kwa kawaida dalili mbili tofauti. Madoa sita ni moja. Ya pili inaweza kuwa vidoadoa vidogo vidogo kwapani au kwenye kinena, mahali ambapo jua halifiki kabisa, mara nyingi vinaanza kuonekana mtoto akiwa na miaka 3 mpaka 5, yaani umri huu huu wa binti yako, kwahiyo inua mikono yake uangalie. Inaweza kuwa vinundu vidogo kwenye ile sehemu ya jicho yenye rangi inayozunguka mboni, vinavyoonekana kwa mashine ya daktari wa macho tu, haviharibu kuona. Inaweza kuwa uvimbe wa mishipa ya fahamu. Inaweza kuwa mfupa, hasa ule wa mguu chini ya goti umepinda kuelekea mbele na pembeni, huu mara nyingi unaonekana mapema mtoto hajafika hata mwaka, na watu wanasema matege yatanyooka. Matege ya kawaida yanakuwa miguu miwili, ukiona mguu mmoja tu umepinda usisubiri unyooke, maana mfupa huo ukivunjika unagoma kuunga. Inaweza kuwa mzazi mwenye NF1, au kipimo cha jeni. Na dalili hizi hazitokei siku moja, zinakuja na umri, ndio maana mtoto wa mwaka mmoja anaweza kuwa na madoa tu na daktari mwaminifu akakwambia "bado sijui, turudi baada ya miezi sita", lakini akifika miaka 8 hivi karibu wote wenye NF1 wanakuwa wamejulikana.

Na idadi ya madoa haisemi ugonjwa utakuwa mkali kiasi gani. Mwenye thelathini anaweza kuzeeka salama na mwenye saba akasumbuka. Kwahiyo yakiongezeka kutoka nane kuwa kumi na moja usilie, sio kwamba unasambaa.

Sasa TV. Watoto kama 15 katika kila 100 wenye NF1 wanapata uvimbe kwenye mshipa unaotoa picha kutoka jichoni kwenda kwenye ubongo, na mara nyingi unaanza kabla hawajafika miaka 6 au 7. Wengi kati ya hao uvimbe wao unakaa kimya, hauwasumbui wala hautibiwi. Ila wachache unawala macho taratibu, na shida kubwa ni kwamba mtoto wa miaka mitatu hawezi kukwambia mama sioni vizuri, kwa sababu yeye anajua dunia yote ndivyo inavyoonekana. Hasemi. Anasogelea TV tu. Anashika kitabu puani, anajikwaa kwenye kizingiti kile kile kila siku, anainamisha kichwa upande mmoja, jicho linaanza makengeza au linatokeza mbele kuliko lenzake. Mimi nimeshapokea mtoto aliyechapwa nyumbani kwa kumwaga maji kila akipewa kikombe, na alikuwa hakioni kikombe upande wa kushoto. Sasa sijasema binti yako ana huo uvimbe, watoto chungu nzima wanakaa puani kwa TV na macho yao ni mazima, wengine wanahitaji miwani tu basi. Lakini mtoto mwenye madoa nane akisogelea TV anaenda kupimwa macho wiki hii, sio mwezi ujao mshahara ukitoka.

Kupimwa sio kusomeshwa zile herufi za ukutani. Anatakiwa daktari wa macho anayezoea watoto, atumie picha za wanyama, apime kila jicho peke yake, aangalie nyuma ya jicho kule mshipa unapoanzia. Kwa hapo ulipo ukipata rufaa CCBRT au Muhimbili Dar ni sawa, wa kaskazini wana KCMC Moshi ambako mbali na macho kuna kile kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, hao madoa haya wanayajua kwa kuyaangalia tu. Anzia hospitali ya rufaa ya mkoa upate barua, hasa kama mnatumia bima, ukiruka ngazi utalipia mfukoni.

Watu wengi wakisikia hivi wanakimbilia MRI ya kichwa, ile picha ya ndani inayopigwa na mashine ya sumaku. Tulia. Mtoto ambaye macho yake yamepimwa yakakutwa sawa na hana dalili nyingine hahitaji MRI ya lazima, kipimo ni ghali na umri huu atalazwa usingizi kwa dawa ili asicheze, hiyo nayo ina hatari zake. Macho yakiwa na shida, hapo ndio tunapiga. Kipimo cha jeni pia, ni bei na mara nyingi sampuli zinapelekwa nje ya nchi, kinasaidia pale tunapobaki njia panda lakini kukikosa hakumzuii mtoto kupata huduma nzuri. Anachohitaji sana ni mtu wa kumwangalia kila mwaka na kuandika: macho, presha (ndiyo, hata mtoto anapimwa presha, maana mishipa ya figo inaweza kubana), urefu na kichwa, mgongo kama unapinda, ngozi yote, na maendeleo yake ya kuongea na kujifunza. Hivi vyote hospitali ya mkoa inaweza kuvifanya.

Nirudi kwa mama mkwe, maana najua ndani ya nyumba hili ndilo linaloumiza. NF1 inarithiwa kweli, mzazi akiwa nayo kila mimba ina nusu kwa nusu ya kuipitisha, wa kike au wa kiume sawa. Lakini kama nusu ya watoto wote wenye NF1 ni wa kwanza kwenye ukoo wao, badiliko la jeni limetokea lenyewe wakati mbegu au yai linatengenezwa, hakuna aliyelisababisha, hakuna aliyeroga, na haina maana kwamba mtoto ni wa nje. Nalisema wazi kwa sababu nimeona ndoa imevunjika kwenye jambo hili na baba alikuja kugundua baadaye ana madoa kumi na mawili mgongoni kwake, mahali ambapo mtu hajioni. Kwahiyo wewe na mume wako mvue mashati, muangaliane migongo na makwapa penye mwanga. Na anayesema "kwetu hakunaga" muulizeni kwa upole kama kuna babu au shangazi aliyekuwa na vinundu laini vingi mwilini, vile ambavyo watu wanadhani ni sunzua. Hata mkikuta kwa mzazi, ukali unatofautiana ndani ya familia moja, baba alivyo sio lazima mtoto awe hivyo.

Kuna hali nyingine zinazoleta madoa haya, nazipitia haraka. Ipo moja inayoitwa Legius, ilitambuliwa Ubelgiji mwaka 2007, madoa ni yale yale na hata vidoadoa vya kwapani vipo lakini vivimbe vya mishipa haviji wala uvimbe wa macho, kwahiyo kuna watoto tunawafuatilia miaka na wanakuja kuwa hawa, ni habari njema kwao. Ipo McCune-Albright, hapa doa linakuwa moja au machache ila makubwa, kingo zake zimechongoka-chongoka kama ramani ya pwani, linakaa upande mmoja na kuishia katikati ya mwili, na pamoja nalo mifupa inakuwa dhaifu na mtoto wa kike anaweza kuota matiti au kutoa damu kama ya hedhi akiwa na miaka mitatu minne. Damu kwa mtoto wa umri huo hospitali ni siku hiyo hiyo, kwa sababu zipo sababu nyingine pia ambazo lazima zichunguzwe. Na kama nyie wazazi ni ndugu, watoto wa mtu na mdogo wake mfano, au kuna mtoto kwenye familia alipata kansa, mwambie daktari hata kama hajauliza, kuna hali moja adimu inayofanana na NF1 inayotokea mtoto akipata jeni mbovu kutoka pande zote mbili.

Kansa uliyosoma mtandaoni. Doa la kahawia haligeuki kuwa kansa, lala kwa hilo. Vivimbe vya NF1 vingi sio kansa, vile vidogo vya kwenye ngozi vinaanza zaidi wakati wa kubalehe. Kuna aina ya uvimbe mkubwa unaokua ndani kufuata mshipa, huo ukianza ghafla kukua haraka, kuuma usiku au kuwa mgumu, unaangaliwa upesi kwa sababu wachache wanaweza kugeuka. Na wasioweza kufanyiwa upasuaji kwenye uvimbe wa aina hiyo sasa wana dawa, selumetinib, iliidhinishwa Marekani Aprili 2020 kwa watoto kuanzia miaka 2, ni ghali na ni ya mabingwa, ila miaka ishirini iliyopita tulikuwa hatuna kitu kabisa cha kuwaambia hawa wazazi.

Kitu ambacho kinanisumbua zaidi ya kansa ni shule. Karibu nusu ya watoto wenye NF1 au zaidi wana shida fulani ya kujifunza, sio kwamba hawana akili, anaelewa ukimwelezea lakini kuandika kunamshinda, hatulii, anasahau alichotumwa katikati ya njia, mwandiko unapanda na kushuka. Darasani wapo themanini, mwalimu anaona mzembe, fimbo. Akianza chekechea nenda umwambie mwalimu mapema, akae mbele, apewe muda, apewe kitu kimoja kimoja.

Na hiyo krimu. Nyingi zinazouzwa kama za kufuta madoa zina steroidi kali, nyingine haidrokwinoni (kemikali ya kuchubua rangi) au hata zebaki, ni mkorogo ule ule kwenye boksi jipya. Kwa mtoto ngozi inanyonya haraka, inakuwa nyembamba kama karatasi, steroidi ikiingia mwilini kwa muda mrefu inazuia hata kukua, zebaki inaenda kwenye figo na fahamu. Na doa linabaki pale pale! Hata leza za hospitali kubwa mara nyingi doa linafifia halafu linarudi, na kwa ngozi nyeusi inaweza kuacha kovu la rangi. Siku nne ulizompaka ni chache na huenda hazijamharibu, acha tu, ila boksi usilitupe, libebe siku ya hospitali daktari asome kilichomo.

Basi fanya hivi, hesabu leo jioni kabla jua halijazama au kesho asubuhi, angalia makwapa, angalia miguu yote miwili, jumatatu muwe hospitali na kakaratasi kenu, na ukifika usiseme "mtoto ana madoa" tu maana utapewa krimu nyingine, sema "mtoto ana madoa ya kahawia zaidi ya sita yaliyozidi milimita tano na anasogelea TV, naomba apimwe macho na aangaliwe NF1". Niandikie namba uliyoipata na ulichokiona kwenye mgongo wa baba yake. Na mwambie baba, mpaka macho yapimwe, akimkuta kwenye TV amuulize anaona nini, asimgombeze.